Barabara zinapanuka, foleni ipo palepale: maswali yenu na majibu yangu

Toleo lililopita niliwaomba mniulize chochote kuhusu barabara kuu na usafiri wa umma kwenye miji inayokua, ile ambayo si jiji la mamilioni wala si kimji cha kupita tu, naongelea mji wa watu kama laki mbili mpaka milioni hivi. Nilidhani nitapata maswali matatu manne. Nimepata lundo. Mengi yanafanana kwa hiyo nimeyaunganisha, na yale ya kutukana madereva nimeyaruka kwa sababu na mimi ni dereva.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mji wetu una barabara kuu moja inakatiza katikati, leni moja kwenda moja kurudi, asubuhi na jioni ni foleni ya kufa mtu. Sasa wametangaza wataipanua iwe njia sita. Mi nashangilia, ila jirani yangu ambaye ni mtu wa kusomasoma anasema tunapoteza hela, eti baada ya muda foleni itarudi vilevile. Hivi inawezekanaje uongeze barabara afu foleni isipungue? Nisaidie nikamnyamazishe.
Mshangiliaji

JIBU: Marahaba. Pole sana, jirani yako yuko sahihi kuliko wewe, ila na yeye hajamaliza maneno yake.

Chukulia hivi. Sa hivi kuna watu wanaamka saa kumi alfajiri ili waiwahi hiyo foleni, kuna wanaosubiri mpaka saa nne jua limekuwa kali ndo watoke, kuna wanaopita vichochoroni, kuna waliopanda basi kwa shingo upande na gari wameliacha nyumbani, na kuna ambao safari yenyewe wameifuta. Siku barabara mpya inafunguliwa wote hao wanasikia njia nyeupe, na mmoja mmoja anarudi kwenye saa ileile ya kila mtu na barabara ileile ya kila mtu. Hapo mji haujaongeza hata mkazi mmoja! Afu ndo wanakuja wale wa kununua viwanja kilomita kumi na tano huko nje kwa sababu dalali kawaambia dakika kumi uko mjini, na kweli mwaka wa kwanza ni dakika kumi.

Hii si hadithi ya vijiweni. Mwaka 1962 mchumi wa Marekani Anthony Downs aliandika kwamba kwenye barabara kuu za mjini, saa za pilikapilika, magari huongezeka mpaka yafikie uwezo wa barabara. Mwaka 2011 wachumi wawili, Gilles Duranton na Matthew Turner, wakapima miji ya huko Marekani na kukuta kwamba ukiongeza leni za barabara kuu kwa asilimia 10, kilomita zinazoendeshwa na magari nazo zinaongezeka kwa karibu asilimia 10 hizohizo. Na kama unataka kuiona kwa macho nenda Houston, kuna barabara inaitwa Katy Freeway, upanuzi wake ulikamilika 2008 na kuna sehemu ukihesabu na barabara za pembeni unafika leni 26. Ishirini na sita! Kuvuka hiyo kwa miguu unahitaji kuaga nyumbani. Miaka michache baadaye safari za asubuhi na jioni zilikuwa zimeanza kurefuka tena, na watu wamekaa kwenye foleni ileile, tofauti ni kwamba sasa foleni ni pana.

Sasa sehemu ambayo jirani yako ameiruka. Mji unaokua na una leni mbili tu katikati unahitaji barabara, tusidanganyane. Malori yanahitaji kupita, gari la wagonjwa linahitaji kupita, na mji ambao watu wake wameongezeka mara mbili hauwezi kuishi na barabara ya babu zao. Swali si kupanua au kutokupanua, swali ni hizo leni mpya anapewa nani. Leni moja ya mjini ikijaa magari binafsi inapitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa, maana gari nyingi ndani yake kuna mtu mmoja na begi lake. Leni hiyohiyo ukiwapa mabasi peke yao, na mabasi yakawepo ya kutosha, inapitisha watu kati ya 4,000 na 8,000 kwa saa. Kwa hiyo wakikwambia njia sita, waulize: kati ya hizo sita, za basi ni ngapi? Zikiwa mbili, shangilia. Ikiwa hakuna hata moja basi mkaribishe jirani yako mkae mjadiliane, maana leni ya basi ni rahisi kuitenga siku ya kwanza kabla mtu hajaizoea, ila kuja kumnyang'anya mwenye gari leni aliyoizoea miaka kumi ni vita na hakuna mkubwa anayependa kuipigana.

Kitu kingine, na hiki kinasahaulika sana: mara nyingi foleni haisababishwi na barabara, inasababishwa na makutano. Unaweza ukawa na njia sita zinazotiririka vizuri zikafika kwenye mataa yaliyopangwa vibaya, zote zikasimama. Kabla ya kuvunja nyumba za watu na kulipa fidia, mtu akasimame pale kwenye makutano wiki nzima aone nani anamzuia nani. Unaweza kukuta tatizo ni gari za kukata kulia hazina leni yake, zinawazuia wote wa nyuma.

SWALI: Habari kaka. Mi ni mama wa watoto wawili, sina gari na sitarajii. Kila mwaka nasikia mradi wa flaiova, mradi wa daraja, sijawahi kusikia mradi wa mimi ninayesubiri basi. Kituoni naweza kukaa nusu saa, likija limejaa, au yanakuja matatu kwa pamoja. Hivi shida ni mabasi machache au nini?
Wa kituoni

JIBU: Nzuri dada yangu, na swali lako nimelipenda kuliko yote ndo maana nitalijibu kirefu, wenye haraka mruke.

Inaweza kuwa mabasi ni machache kweli, ila mara nyingi yapo na yamesambazwa vibaya. Tuseme mji una mabasi 12. Bosi mmoja anasema kila mtaa upate basi lake, anatengeneza njia sita zenye kujipinda kila kona, kila njia mabasi mawili, na kwa kuwa kwenda na kurudi ni saa nzima basi linapita kila baada ya nusu saa. Kwenye ramani inapendeza sana, kila diwani amepata mstari wake. Bosi mwingine anachukua mabasi yaleyale 12 anayaweka kwenye njia tatu zilizonyooka, kila njia mabasi manne, basi linapita kila dakika 15. Watu wengine watatembea dakika tano zaidi kufika kituoni. Ila kusubiri kumeshuka kutoka wastani wa dakika 15 mpaka 7 na nusu, na kama safari yako inataka kubadili basi njiani akiba hiyo unaipata mara mbili. Muhimu kuliko dakika zenyewe ni kwamba basi la kila nusu saa unalipangia maisha, unaangalia saa, ukilikosa siku imeharibika. Basi la dakika 10 au 15 unatoka tu nyumbani unaenda.

Ile Houston niliyoisema vibaya hapo juu ngoja niisifie: mwezi wa nane 2015 waliamka siku moja wakabadilisha karibu mtandao wote wa mabasi kwa mkupuo, wakapunguza njia za kujipinda, wakaongeza njia ambazo basi linapita mara kwa mara siku saba za wiki mpaka Jumapili, na gharama ya kuendesha haikubadilika sana. Hawakujenga chochote cha maana. Walichora upya.

Sasa hilo la mabasi matatu kuja kwa pamoja. Basi la mbele likichelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni, kupakia kunalichelewesha zaidi, kituo kinachofuata watu ni wengi zaidi tena, huku la nyuma linakuta vituo vimeshafagiliwa linakimbia mpaka linamfikia mwenzake. Halizuiliki kabisa ila linapungua ukifanya vitu vitatu: leni yake lisikae kwenye foleni ya magari, nauli ilipwe kabla ya kupanda watu waingie milango yote badala ya kupanga mstari mlango mmoja, na vituo visiwe kila mita 100. Mita 300 mpaka 500 kati ya kituo na kituo inatosha mjini. Najua mtu akisikia kituo cha mbele ya nyumba yake kinahamishwa anapiga kelele, ila basi linalosimama kila baada ya nyumba nne halina tofauti na kutembea.

Kuna na hili la madereva kukimbizana. Usimlaumu dereva kwanza. Kama anaishi kwa abiria aliowapakia, atakimbia mbele ya mwenzake, atakaa kituoni mpaka gari lijae, na jioni abiria wakiwa wachache atalala nyumbani na hatakuwa na kosa, ndo hesabu yake ilivyo. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, kabla ya 2000 hali ilikuwa hiyohiyo, walikuwa wanaiita vita vya senti. Desemba 2000 wakati Enrique Peñalosa akiwa meya wakafungua TransMilenio, mabasi ya leni zake, na kampuni za mabasi zikaanza kulipwa zaidi kwa kilomita zilizoendeshwa kulingana na ratiba kuliko kwa vichwa. Ukimlipa mtu kwa kilomita na ratiba anaendesha kilomita na ratiba. Miaka ya baadaye TransMilenio imekuja kulaumiwa kwa kujaa kupita kiasi, na lawama ni za haki, ila vita vya senti kwenye zile njia viliisha.

SWALI: Mkuu, viongozi wetu wamerudi kutoka ziara ya nje wanasema mji wetu sasa unastahili treni ya mjini. Tupo kama laki tatu na nusu. Nimewaza ni sifa tu au kweli?
Laki tatu na nusu

JIBU: Hahaha, ziara hizo. Ukubwa wa mji peke yake haukatai. Strasbourg, Ufaransa, mji ambao hata leo haujafika laki tatu, una tramu, yaani treni ndogo ya umeme inayopita kwenye reli zilizolazwa barabarani, tangu Novemba 1994 na inafanya kazi vizuri sana. Ila sikiliza walivyofanya. Walikuwa wanabishana kati ya treni ya kisasa ya kwenda chini ya ardhi na tramu ya juu, uchaguzi wa 1989 ukapigwa kampeni kwa hilo, akashinda Catherine Trautmann aliyekuwa upande wa tramu. Tramu ilikuwa nafuu kwa kilomita, lakini siri ni kwamba kwa kuwa inapita juu ilibidi ichukue nafasi ya magari katikati ya mji, na wakakubali. Ya chini ya ardhi ingewaachia wenye magari barabara yao yote, na ndo maana wengi huipenda: inaahidi usafiri wa umma bila kumgusa mtu yeyote.

Zürich ya Uswisi nayo si jiji kubwa, watu kama laki nne. Mwaka 1973 wananchi waliupigia kura mradi wa treni za chini ya ardhi wakaukataa, na mwaka 1977 wakapitisha pesa kidogo ukilinganisha, za kuboresha tramu na mabasi waliyokuwa nayo: mataa yanayoitambua tramu ikikaribia yakawaka kijani, leni zake zilindwe, vizuizi vidogovidogo vya njiani viondolewe kimoja kimoja. Kazi ya kuchosha isiyo na utepe wa kukata. Leo ukitaja usafiri mzuri wa umma duniani watu wanaitaja Zürich.

Na Curitiba kule Brazil, ilikuwa na watu kama laki sita tu mwanzoni mwa miaka ya 1970 meya akiwa Jaime Lerner, msanifu majengo. Hela ya treni ya chini haikuwepo. Mwaka 1974 wakaanza kuyapa mabasi barabara zake katikati ya barabara kubwa, miaka ya 1990 wakaleta vituo vya mfano wa bomba ambako unalipa kabla na kupanda usawa wa sakafu, na mabasi marefu yenye vipande vitatu yanayobeba watu kama 270. Kitu ambacho waigaji wengi hawakuiga ni cha ardhi: majengo marefu yaliruhusiwa kando ya njia hizo za mabasi, mbali nazo marufuku, kwa hiyo mji ulikua kufuata basi. Ukitenga njia ya basi halafu ukaruhusu mji uote popote, basi litakuwa linakimbiza mji maisha yake yote.

Kwa hiyo jibu langu kwa laki tatu na nusu ni basi kwanza, lenye leni yake, na njia yake itunzwe kwa upana wa kutosha ili wajukuu wakitaka kuweka reli waweke. Na yeyote anayewaletea treni mumuulize vipuri vitatoka wapi na vitalipwa na nani mwaka wa saba. Addis Ababa walifungua treni yao nyepesi mwaka 2015, mji wa mamilioni, abiria wapo wa kumwaga, na bado baada ya miaka michache sehemu kubwa ya treni zilisimama kwa kukosa vipuri. Kununua ni siku moja. Kuendesha ni miaka thelathini.

SWALI: Kipilefti na mataa kipi bora? Jibu fupi tafadhali huwa unaongea sana.
Mwenye haraka

JIBU: Kipilefti, kwa makutano ya ukubwa wa kati. Makutano ya kawaida ya barabara nne yana sehemu 32 ambazo magari yanaweza kugongana au kubanana, kipilefti cha leni moja kina sehemu 8, na hata mkigongana mnagongana kwa mwendo mdogo. Makutano ya Marekani yaliyobadilishwa kuwa vipilefti ajali za kujeruhi zilishuka kwa karibu robo tatu. Kuna mji wa Carmel, jimbo la Indiana, watu kama laki moja, una vipilefti zaidi ya 140. Sharti: anayeingia ampishe aliye ndani. Uingereza waliiweka hiyo kuwa sheria 1966, kabla ya hapo vipilefti vilikuwa vinajifunga vyenyewe kama fundo. Magari yakiwa mengi sana au mabasi yakihitaji kupewa kipaumbele, rudi kwenye mataa. Fupi hiyo?

SWALI: Salaam ndugu. Huku kwetu wanajenga barabara ya mchepuko ili malori yasipite mjini. Je itaondoa foleni? Nina kiwanja karibu na inakopita, nifungue biashara?
Mwenye kiwanja

JIBU: Swali la kwanza na la pili yanapigana ngumi na hujaona!

Mchepuko ni dawa nzuri kwa malori yasiyo na shida na mji wenu. Yakiondoka kelele zinapungua, moshi unapungua, na ile barabara ya zamani ya katikati inaweza kurudi kuwa mtaa wa watu, wenye njia pana za miguu na miti. Ila ili mchepuko ubaki mchepuko lazima pembeni yake kusiwe na biashara yako wewe, ya mwenzako, na ya wale mia watakaowafuata. Kila mlango unaofunguliwa barabarani ni gari linalopunguza mwendo, halafu panakuja kituo cha mafuta, panakuja tuta kwa sababu watoto wanavuka, halafu mataa, na baada ya miaka kumi mnachora mchepuko wa kuuchepuka mchepuko.

London walimaliza kuizungushia barabara yao, M25, mwaka 1986. Ilipangwa kubeba magari 88,000 kwa siku, mwaka 1993 ilikuwa inabeba 200,000. Sehemu kubwa haikuwa malori ya kupita, ni watu wa hukohuko waliopata njia mpya ya kwenda kazini. Kwa hiyo mkishajenga, siku hiyohiyo punguzeni nafasi ya magari kwenye barabara ya zamani, muipe mabasi na waenda kwa miguu, msisubiri, maana ukisubiri mwaka mmoja itakuwa imejaa tena nanyi mtakuwa na barabara mbili za foleni.

Biashara fungua, ila kwenye barabara ya ndani inayounganika na mchepuko kwenye makutano rasmi. Utauza tu.

SWALI: Kwanini lami ya kwetu haimalizi misimu miwili ya mvua?
Mwenye shokomzoba za kubadili kila mwaka

JIBU: Maji na mizigo. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, Illinois, wakaendesha malori juu yake usiku na mchana kuona zinakufaje. Walichopata ndo hesabu inayotumika mpaka leo: uharibifu unapanda kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu. Ekseli yenye uzito mara mbili haiharibu mara mbili, inaharibu mara 16. Lori lililozidisha mzigo asilimia 20 tu linaharibu kama malori mawili halali. Sasa pigia hesabu la asilimia 50. Kagari kako wewe hakaiumizi lami kabisa, ukichangishwa kwa ajili ya mashimo jua unamlipia mwenye lori, ndo maana mizani ikila rushwa barabara inakufa.

Maji yanafanya kazi kwa chini. Lami ni ngozi tu, inayobeba ni tabaka za kokoto na udongo uliokandamizwa, na udongo ukilowa unakuwa uji. Mtaro ulioziba ni shimo la mwaka kesho. Na kwa kuwa nimeyasifia mabasi sana niseme na baya lake: basi lililojaa nalo ni zito, linasimama palepale kila siku, linasukuma lami mpaka inajikunja kama mkeka. Vituoni mwagieni zege.

SWALI: Mabasi yafanywe bure basi, si tutayapanda wote na foleni itaisha? Mi naona ndo suluhisho rahisi.
Mwanafunzi

JIBU: Mdogo wangu, wamejaribu. Hasselt, mji wa Ubelgiji wa watu kama elfu sabini, walifanya mabasi bure kuanzia 1997, abiria wakaongezeka zaidi ya mara kumi, ila usisahau kwamba wakati huohuo waliongeza na mabasi yenyewe, kwa hiyo huwezi kusema ni bure peke yake iliyofanya. Mwaka 2013 wakaacha, gharama ziliwashinda. Mwaka huohuo wa 2013 Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wakaanza bure kwa wakazi wake. Abiria waliongezeka, lakini wengi wa wale wapya ni watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, wenye magari hawakushuka sana. Luxembourg 2020 wakafanya nchi nzima, ila ile ni nchi tajiri na nauli ilikuwa sehemu ndogo ya gharama.

Mwenye gari hakimbii nauli, anakimbia kusubiri na kubanana. Ukiwa na hela ya kuchagua kimoja, nunua mabasi yapite kila dakika kumi, na nauli mpunguzie mwanafunzi kama wewe, mzee, na asiyejiweza. Na kama kweli unataka wenye magari wapungue, kuna dawa chungu: watoze kuingia katikati saa za foleni. Singapore walianza 1975. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, walijaribu miezi saba mwaka 2006, magari ya kuingia na kutoka katikati yakapungua kama asilimia 20, watu waliokuwa wanapinga wakaonja barabara tupu, wakapiga kura kuitaka ibaki. Ila Stockholm waliongeza mabasi kabla ya kuanza kutoza. Kumtoza mtu wakati hujampa njia nyingine ya kufika kazini ni kumnyang'anya tu.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara mtaa wa katikati. Wanataka kuondoa maegesho mbele ya maduka waweke leni ya basi. Wateja wangu watapaki wapi? Mnatuua.
Mwenye hasira

JIBU: Hasira yako naielewa ndugu yangu na sitakwambia utulie. Ila fanya kitu kimoja, wiki ijayo waulize wateja wako kila mmoja kaja na nini. Wenye maduka miji mingi huwa wanadhani wanaokuja na gari ni wengi kuliko walivyo kweli, kwa sababu mwenye gari ndo anayelalamika na ndo unayemwona mlangoni. Nafasi moja ya gari mbele yako ikikaliwa na mtu wa ofisi ya jirani kuanzia asubuhi mpaka jioni imekuletea wateja sifuri.

Groningen, Uholanzi, mwaka 1977 waligawa katikati ya mji vipande vinne na ikawa gari haliwezi kutoka kipande kimoja kwenda kingine moja kwa moja, lazima lirudi kwenye barabara ya mzunguko. Wafanyabiashara waliwaka moto kweli. Katikati ya mji ule hakukufa, na leo ni moja ya sehemu ambazo baiskeli ni nyingi kuliko magari. Ila dai haki yako kwenye kitu kimoja: muda wa kushusha mzigo. Leni ya basi inaweza kuruhusu malori ya bidhaa usiku na alfajiri, hilo liandikwe kabla hawajapaka rangi, ukisubiri waanze hawatakusikiliza.

SWALI: Tupo kikundi cha wakazi, hatuna hela wala cheo. Tuanze na nini?
Kikundi

JIBU: Hesabuni watu. Karibu takwimu zote za barabara zinahesabu magari, kwa hiyo basi lenye watu 60 linaandikwa moja na gari lenye mtu mmoja linaandikwa moja. Simameni kwenye makutano yenu mabaya kuliko yote, asubuhi moja ya katikati ya wiki, saa moja mpaka saa tatu, wawili wahesabu magari na watu waliomo, wawili mabasi, wawili waenda kwa miguu, mmoja aandike basi limefika saa ngapi. Siku tatu zinatosha. Mkienda ofisini na karatasi inayosema robo tatu ya watu wanaopita hapa wapo kwenye mabasi na kwa miguu, kama ndo itakavyotoka, mnaongea lugha ambayo mhandisi hawezi kuipuuza. Isipotoka hivyo mmejifunza kitu pia. Na ombeni vitu vidogo vyenye jibu la ndiyo au hapana: kivuli cha kituo hiki, taa ya kijani iongezwe sekunde kumi upande ule, zebra pale shuleni.

SWALI: Wewe mwenyewe unapanda basi au unatuhubiria tu?
Mdadisi

JIBU: Nilijua atatokea mmoja. Siku tatu basi, siku mbili gari. Siku za gari ni zile ambazo vikao vinachelewa, maana basi la mwisho la njia yangu linaondoka saa mbili kasoro dakika kumi usiku, ukilikosa hakuna lingine mpaka asubuhi. Nimewaandikia barua mara mbili sijajibiwa. Ya tatu naimalizia wiki hii na nimeambatanisha hesabu: nilikaa kituoni siku nne mfululizo baada ya basi kuondoka nikihesabu wanaofika wanakuta limekwenda. Siku tatu za kwanza vidole vilinitosha. Ijumaa ikabidi nitoe daftari.